Kusakinisha kompaila kwenye Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapotaka kuanza kuandika C, Rust, Go au Haskell kwenye Linux, kisha akakuta njia nne au tano za kuipata kompaila ile ile (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine). Majibu yana msimamo, na ni vizuri uujue mapema: kompaila ikishaingia kwenye mashine itahitaji kutunzwa, na kila njia ya kusakinisha humpa mtu fulani kazi hiyo. Kuna njia zinazowaachia watunzaji wa distro (aina ya Linux unayotumia, kama Debian au Fedora), nyingine zinawaachia watengenezaji wa lugha, na nyingine zinakuachia wewe. Chagua ukijua umemkabidhi nani.

## Nina haraka. Niandike amri gani?

Kwa C na C++ kwenye Debian, Ubuntu na ndugu zao:

    sudo apt update
    sudo apt install build-essential

Kifurushi hicho huleta gcc, g++, make na faili za `.h` za maktaba ya C. Kwenye Fedora andika `sudo dnf install gcc gcc-c++ make`, kwenye Arch `sudo pacman -S base-devel`, na kwenye Alpine `apk add build-base`.

Kwa Rust tumia rustup. Kwa Haskell tumia GHCup, kwa OCaml tumia opam. Kwa Go, anza na kifurushi cha distro. Kikiwa cha zamani mno kwa mradi wako, chukua faili la tar (mafaili yaliyofungwa pamoja) kutoka go.dev. Kama huna sababu maalumu ya kwenda kinyume na haya, unaweza kuishia hapa ukaanza kazi.

## Nitajuaje kama tayari ninayo?

Iulize yenyewe: `gcc --version`, `rustc --version`, `ghc --version`. Kwa Go ni `go version`, bila vistari. Kisha andika `type -a gcc` (au jina la kompaila unayoitafuta) uone iko wapi, na kama ziko zaidi ya moja. Amri hii ya pili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, tutairudia.

Ubuntu isipoipata amri hukupendekezea vifurushi vya kusakinisha. Soma pendekezo hilo lote kabla ya kunakili mstari wa kwanza, kwa sababu mara nyingi hutaja snap na apt kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja.

## Kwa nini kompaila ya distro yangu ni ya zamani?

Kwa sababu distro iliahidi kutobadilika. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na GCC 12.2, Rust 1.63 na Go 1.19, na itabaki na hizo hadi mwisho wa maisha yake. Kinachoingia baada ya hapo ni marekebisho ya usalama na hitilafu kubwa tu. Rust 1.63 yenyewe ilikuwa ya Agosti 2022, yaani siku Debian 12 inatoka, Rust yake ilishakaribia mwaka mmoja.

Linganisha na mwendo wa lugha zenyewe. Rust hutoa toleo jipya kila wiki 6. Go hutoa mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti. GCC hutoa toleo kuu mara moja kwa mwaka. Debian mpya huja takriban kila baada ya miaka 2. Hakuna namna hesabu hiyo ingetoa jibu tofauti.

Wengine huona huu ni uzembe wa watunzaji wa distro. Mimi sioni hivyo. Maelfu ya vifurushi kwenye ghala la Debian vimejengwa na kujaribiwa kwa kompaila hiyo hiyo. Ukiibadilisha katikati ya safari, unatakiwa uvijenge na kuvijaribu vyote upya, na wenye seva zinazofanya kazi tangu mwaka juzi hawatakushukuru. Ukipenda upya kuliko utulivu, Arch, Fedora na openSUSE Tumbleweed zipo, na huko swali hili halijitokezi sana. Pia kuna njia ya kati: subiri distro yako ipige hatua. Debian 13, ya Agosti 2025, ilikuja na GCC 14.2, Rust 1.85 na Go 1.24.

## Uzee huo utaniathiri kweli?

Inategemea lugha.

Mwandishi wa C hataona tofauti yoyote kwa miaka. GCC 12 inatosha kwa vitabu vyote vya kujifunzia, kwa kernel (kiini cha Linux), na kwa karibu kila mradi wa C utakaoukuta. Kwa C++ huenda ukakwama ukitaka mambo ya C++23, lakini anayeyahitaji kwa kawaida anajua kwamba anayahitaji.

Kwa Rust utaathirika mapema. Miradi mingi hutegemea maktaba kadhaa za wengine, na maktaba moja tu ikidai kompaila mpya, mradi mzima unagoma. Mradi ulioandikwa `edition = "2024"` kwenye Cargo.toml unahitaji Rust 1.85 au zaidi, Rust 1.63 haiwezi hata kuusoma.

Go iko katikati, ila ina kosa moja linalowachanganya watu wengi. Ukiwa na Go 1.19 na mradi ambao go.mod yake (faili la mahitaji ya mradi) ina mstari `go 1.21.0`, utaambiwa:

    invalid go version '1.21.0': must match format 1.23

Mtu huona "1.23" akaanza kuisaka Go 1.23. Hiyo 1.23 ni mfano tu wa jinsi namba inavyotakiwa kuandikwa, yaani tarakimu, nukta, tarakimu. Kompaila ya zamani haielewi namba yenye sehemu tatu. Dawa yake ni Go yoyote kuanzia 1.21.

## Basi kwa nini nisitumie kisakinishi cha lugha yenyewe siku zote?

Kwa Rust na Haskell, jibu langu ni: tumia. Rustup, GHCup na opam zimetengenezwa na watu wanaoijua lugha, haziombi sudo, zinakaa ndani ya folda yako ya nyumbani (`~/.rustup` na `~/.cargo`, `~/.ghcup`, `~/.opam`), na zinaweza kushika matoleo kadhaa kwa wakati mmoja. `rustup update` hukupa toleo jipya; `rustup toolchain install 1.85` hukupa toleo mahususi kando ya jipya. `ghcup tui` hukuonyesha orodha yote ya matoleo ya GHC, kompaila ya Haskell, ukachagua kwa vitufe vya mishale.

Gharama yake ni hii: `apt upgrade` haizijui kabisa. Tatizo la usalama likirekebishwa, distro haitakuletea marekebisho hayo. Ni lazima uiendeshe amri ya kusasisha mwenyewe. Kwa kompyuta yako ya kazi hilo ni jambo dogo. Kwa seva ambayo hakuna anayeigusa kwa miezi, nisingelifanya. Pia kumbuka nafasi ya diski. Kila toleo la GHC hula gigabaiti kadhaa, na watu husahau kufuta ya zamani. Rust unaweza kuipunguza kwa kuchagua wasifu mdogo, `--profile minimal`, ambao huacha nyaraka na zana za ziada.

Kuna jambo la kufurahisha: Debian 13 na Ubuntu 24.04 zina rustup yenyewe kama kifurushi. Unaandika `sudo apt install rustup`, kisha `rustup default stable`. Distro inatunza kisakinishi, watengenezaji wa Rust wanatunza kompaila. Kwa maoni yangu huo ndio mgawanyo wa kazi ulio bora kuliko yote, na laiti kila lugha ingekuwa nao.

Opam ina tabia moja ya kujua kabla hujaanza: `opam switch create` kwa kawaida huijenga kompaila ya OCaml kutoka kwenye chanzo pale pale. Ukiona feni inapiga kelele, hakuna kilichoharibika.

## Nimesakinisha Rust, lakini inasema haioni `cc`. Rust inahusiana nini na C?

Rustc hugeuza msimbo wako kuwa vipande vya lugha ya mashine, lakini kazi ya mwisho ya kuviunganisha vipande hivyo na maktaba ya C ya mfumo huiachia programu nyingine, ambayo huitwa kupitia `cc`. Rustup haikuletei hiyo. Sakinisha `build-essential`, au `gcc` peke yake pamoja na `libc6-dev`, ujaribu tena. GHC nayo inahitaji gcc kwa sababu ya aina hiyo hiyo, pamoja na maktaba kama GMP.

## Ile amri ya `curl ... | sh` ni salama?

Hili swali huzua ubishi kuliko yote, na pande zote mbili hukuza mambo.

Amri yenyewe ya rustup ni hii:

    curl --proto '=https' --tlsv1.2 -sSf https://sh.rustup.rs | sh

Inapakua skripti na kuiendesha hapo hapo. Wanaoipinga husema unaendesha msimbo usioujua. Ni kweli, lakini ungepakua kompaila nzima kutoka tovuti hiyo hiyo na kuiendesha, ungekuwa umefanya jambo lile lile; kompaila ni programu kubwa kuliko skripti, na hakuna aliyeisoma yote. Unawaamini watu wa Rust au huwaamini. Skripti haibadilishi hilo.

Hatari za kweli ziko kwingine. Ya kwanza ni kukosea anwani: herufi moja ikikosewa, umeingia mahali pengine. Nakili kutoka tovuti rasmi ya lugha, si kutoka kwenye jibu la mtu ulilolikuta mahali. Ya pili ni mtandao kukatika katikati, nusu ya skripti ikaendeshwa. Skripti ya rustup imejikinga kwa kuweka kazi yote ndani ya fungsheni inayoitwa kwenye mstari wa mwisho, kwa hiyo ikikatika haifanyi chochote. Skripti za wengine wengi hazina kinga hiyo. Ya tatu, na ndiyo mbaya zaidi, ni kuiweka `sudo` mbele ya `sh`. Kisakinishi kinachoweka vitu kwenye folda yako ya nyumbani hakina haja ya haki za msimamizi. Kikikuomba, kiulize kwa nini.

Ukitaka kutulia moyo, igawe kazi: pakua skripti kwenye faili, ifungue kwa `less`, isome, kisha iendeshe. Kwa mafaili ya tar, linganisha alama ya sha256 iliyochapishwa na ile unayoipata mwenyewe kwa `sha256sum`. Alama ikilingana, faili lilifika zima. Haithibitishi kwamba aliyelitengeneza ni mwema, na kama tovuti yenyewe imevamiwa, mvamizi angebadilisha faili na alama pamoja. Hapo ndipo saini ya GPG (saini ya kidijitali ya mtengenezaji) inapofaa, kwa sharti kwamba ufunguo uliupata kwa njia nyingine.

## Kwa hiyo kujenga kutoka kwenye chanzo ndiko salama zaidi?

Si lazima. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa programu, alikuta mlango wa siri ndani ya xz, maktaba ya kubana mafaili, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwa SSH kulikuwa kunachelewa kwa sehemu ya sekunde. Matoleo yaliyoathirika yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu ya uovu huo ilikuwa kwenye faili la tar la chanzo, wala haikuonekana kwenye hazina ya git. Yaani kukisoma chanzo kwenye git kusingemwonya aliyepakua faili hilo la tar.

Tena suala ni la zamani. Katika hotuba yake ya tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, Ken Thompson, mmoja wa waliotengeneza Unix, alieleza jinsi kompaila inavyoweza kufundishwa kupandikiza mlango wa siri kwenye programu nyingine, na kujipandikiza ndani ya kompaila mpya kila inapojengwa upya, huku chanzo kikiwa safi kabisa. Ukijenga kompaila unaijenga kwa kompaila. Mahali fulani kwenye mnyororo huo lazima umwamini mtu.

## Lini basi nijenge kutoka kwenye chanzo?

Ukiwa unaifanyia kazi kompaila yenyewe. Ukiwa unahitaji toleo ambalo halipo kwingine kokote, au lenye viraka vyako. Ukiwa kwenye aina ya prosesa ambayo hakuna aliyeijengea. Au ukitaka kujifunza, na hiyo ni sababu nzuri sana mradi usiifanye siku ya kukabidhi kazi.

Kwa GCC hatua zake ni hizi, nikichukua 14.2 kama mfano:

    tar xf gcc-14.2.0.tar.xz
    cd gcc-14.2.0
    ./contrib/download_prerequisites
    mkdir ../jenzi && cd ../jenzi
    ../gcc-14.2.0/configure --prefix=$HOME/opt/gcc-14 \
        --enable-languages=c,c++ --disable-multilib
    make -j4
    make install

Kila mstari hapo umewekwa kwa sababu. `download_prerequisites` inaleta GMP, MPFR, MPC na ISL, maktaba za hesabu ambazo GCC haijengeki vizuri bila hizo. Watu wengi huzitafuta moja moja na kupotea. Folda ya `jenzi` iko nje ya folda ya chanzo kwa sababu waandishi wa GCC wanasisitiza hivyo, na ukipuuza utakutana na makosa yasiyoeleweka. `--disable-multilib` inazuia ujenzi wa maktaba za biti 32. Bila hiyo, mashine isiyo na faili za maendeleo za biti 32 itakataa. Na `--prefix` ndiyo inayokuokoa: kila kitu kinaingia folda moja, na siku ukichoka unaifuta folda hiyo basi.

Usishangae muda. GCC hujijenga mara tatu: kompaila ya zamani inajenga ya kwanza, ya kwanza inajenga ya pili, ya pili inajenga ya tatu, kisha ya pili na ya tatu zinalinganishwa. Zikitofautiana, kuna hitilafu na ujenzi unasimama. Unaweza kuiruka hatua hiyo kwa `--disable-bootstrap`, ila hapo umeutupa mtihani ambao ungekuambia kama kompaila yako ni nzima.

Ujenzi ukisimama kwa ujumbe unaotaja `Killed` na `cc1plus`, kumbukumbu ya RAM imeisha na kernel imeua mchakato. Punguza namba baada ya `-j`. LLVM, mradi wa kompaila kama clang, ni mbaya zaidi kwa hili, hasa mwishoni inapounganisha vipande. Mtu mwenye RAM ya gigabaiti 8 anayeandika `make -j16` anajitafutia.

## Kama kompaila ya Go imeandikwa kwa Go, ya kwanza ilitoka wapi?

Ilikuwa ya C. Hadi Go 1.4 kompaila iliandikwa kwa C. Kuanzia Go 1.5, mwaka 2015, ilihamia Go. Ndiyo maana ukitaka kujenga Go kutoka kwenye chanzo unaombwa uwe na Go nyingine kwanza. GCC ina kisa cha aina hiyo: tangu 4.8, ya mwaka 2013, huwezi kuijenga bila kompaila ya C++. Kwa msomaji wa kawaida maana yake ni moja tu, kwamba "nitajenga kutoka chanzo ili nisitegemee mtu" ni ndoto.

## Na Go, naisakinishaje kwa faili la tar?

Futa ya zamani kwanza, kisha fungua mpya:

    sudo rm -rf /usr/local/go
    sudo tar -C /usr/local -xzf goX.Y.Z.linux-amd64.tar.gz

Weka namba halisi badala ya X.Y.Z, na kama `uname -m` inakujibu `aarch64`, chukua faili la arm64. Hatua ya kufuta usiiruke: ukifungua juu ya folda iliyopo, mafaili ya matoleo mawili yanachanganyika na Go inavunjika kwa namna ya ajabu. Kisha ongeza `/usr/local/go/bin` kwenye PATH, orodha ya folda ambamo sheli hutafuta amri (tazama swali linalofuata).

Tangu Go 1.21, ya Agosti 2023, amri ya `go` inaweza kujipakulia toleo jipya zaidi ikiona go.mod inalidai. Ni rahisi, labda rahisi kupita kiasi; usipopenda programu ijipakulie mambo, weka `GOTOOLCHAIN=local`.

## Nimesakinisha toleo jipya, lakini `--version` bado inaonyesha la zamani. Kwa nini?

Sheli hutafuta amri kwenye folda zilizoorodheshwa ndani ya PATH, kwa mpangilio, kutoka kushoto. Ya kwanza kuonekana ndiyo inayoendeshwa. Kama `/usr/bin` iko kabla ya folda yako mpya, `/usr/bin` inashinda. Hapa ndipo `type -a` inapolipa: inakuonyesha zote, kwa mpangilio ule ule ambao sheli inazitafuta.

Weka folda mpya mbele:

    export PATH="$HOME/opt/gcc-14/bin:$PATH"

Uiandike kwenye `~/.profile` au `~/.bashrc`, kisha ufungue terminali mpya. Mara nyingi tatizo lote ni hilo la mwisho: terminali iliyokuwa wazi haijasoma mabadiliko. Bash pia hukumbuka mahali ilipoikuta amri mara ya mwisho. `hash -r` huifanya isahau.

Angalia jambo lingine. Ukiandika `sudo make install`, sudo ina PATH yake, wala haisomi ya kwako. Kwa hiyo `go` inaweza kuonekana bila sudo na isionekane ukiwa na sudo. Si hitilafu, imewekwa hivyo kwa usalama.

## Naweza kuwa na GCC mbili?

Ndiyo, na ni jambo la kawaida. Debian 13 ina `gcc-13` na `gcc-14` kama vifurushi tofauti, visivyogombana. Iite kwa jina lake kamili au uuambie mradi: `CC=gcc-13 CXX=g++-13 make`. Kwenye RHEL, Rocky na AlmaLinux kuna gcc-toolset: sakinisha `gcc-toolset-13`, kisha `scl enable gcc-toolset-13 bash` hukupa sheli ambayo ndani yake GCC ni 13, na ukitoka mambo yanarudi yalivyokuwa.

## Si ingekuwa rahisi kubadilisha `/usr/bin/gcc` yenyewe?

Usifanye. Faili hilo ni mali ya msimamizi wa vifurushi, na ataliandika upya kwenye sasisho lijalo. Kabla ya hapo, moduli za kernel zinazojengwa na DKMS (zana inayozijenga upya kernel inapobadilika), kwa mfano za kadi za video, zinaweza kugoma kwa sababu zinatarajia kompaila iliyoijenga kernel. Folda ya `/usr` ni ya distro. `/usr/local`, `/opt` na folda yako ya nyumbani ndizo zako.

## "version `GLIBC_2.34' not found" ni nini?

Kompaila au programu uliyopakua ilijengwa kwenye mfumo mpya kuliko wako. Glibc ni maktaba ya C ambayo karibu kila programu huiegemea. Programu iliyojengwa juu ya glibc ya zamani hufanya kazi kwenye mpya. Kinyume chake hapana. Glibc 2.34 ilitoka Agosti 2021, na Ubuntu 20.04 na Debian 11 zina 2.31, ndiyo maana namba hii hasa huwaandama watu wa mifumo hiyo. Angalia ya kwako kwa `ldd --version`.

Kuna watu hupakua glibc mpya na kuiweka juu ya ile ya mfumo. Baada ya hapo hata `ls` huenda isifanye kazi, na kurekebisha utahitaji kuwasha mashine kwa diski nyingine. Njia za busara ni kutafuta toleo lililojengwa kwa mifumo ya zamani, kutumia kontena (mfumo uliotengwa ndani ya mashine yako, tazama chini), au kupandisha distro.

Alpine ina habari yake: haitumii glibc kabisa, inatumia musl. Kompaila nyingi zilizojengwa tayari hazitaenda huko, na ujumbe unaoupata ni "not found" hata kama faili liko mbele ya macho yako. Kisichopatikana ni kipakiaji cha glibc ambacho faili hilo linakitaka.

Binamu wa kosa hili ni `GLIBCXX_3.4.33' not found`. Hii ni maktaba ya C++. Huja ukijenga programu kwa GCC 14 uliyojiwekea, kisha wakati wa kuiendesha mfumo ukaipa libstdc++ ya zamani. Jenga ukiongeza `-Wl,-rpath,$HOME/opt/gcc-14/lib64`, au `-static-libstdc++`.

## Snap na Flatpak?

Flatpak ni ya programu za dirishani. Kwa kompaila iache. Snap ina Go (`sudo snap install go --classic`) na hujisasisha yenyewe. Hilo la kujisasisha wengine hulipenda, mimi silitaki kwa kompaila: nataka kujua siku inapobadilika.

## Vipi kontena?

Kama unajenga programu ya kupeleka kwenye seva, kontena huenda ndilo jibu bora. `docker run --rm -it -v "$PWD":/kazi -w /kazi gcc:14 bash` inakupa GCC 14 bila kugusa mfumo wako, na Podman inakubali amri hiyo hiyo ukibadilisha jina. Kumbuka tu kwamba kinachojengwa ndani kinafuata glibc ya ndani.

Nix na Guix, wasimamizi wa vifurushi wa aina nyingine, hutatua matatizo mengi ya ukurasa huu kwa mkupuo mmoja, kwa gharama ya kujifunza ulimwengu mpya. Kama tayari unazitumia, huhitaji ushauri wangu.

## Sina sudo kwenye mashine hii.

Hujakwama. Rustup na GHCup hazihitaji. Faili la tar la Go linaweza kufunguliwa `~/opt` badala ya `/usr/local`. GCC hujengeka kwa `--prefix` ya nyumbani kama mashine ina kompaila yoyote ya C++. Ikiwa haina hata moja, pakua Zig, lugha nyingine: ni faili moja la tar, na `zig cc` inafanya kazi kama kompaila ya C bila kusakinisha chochote.

## Mashine yangu haina intaneti.

Faili la tar la Go linatosha lenyewe. Rust ina visakinishi vya pekee visivyohitaji rustup. Pakua kwenye mashine nyingine na ubebe kwa diski ya USB. Kwa apt, `apt-get install --download-only` kwenye mashine yenye distro na toleo lile lile huacha mafaili ya .deb ndani ya `/var/cache/apt/archives`. Mashine hiyo isiwe na vifurushi hivyo tayari, la sivyo havitapakuliwa.

## Ninaiondoaje?

Kwa njia uliyoiingizia: `sudo apt remove`, `rustup self uninstall`, `ghcup nuke`, au kufuta folda ya `--prefix`. Ukiwa ulijenga bila `--prefix`, mafaili yametawanyika ndani ya `/usr/local` na utayasaka moja moja. Usisahau mistari iliyobaki kwenye `~/.profile` na `~/.bashrc`.

## Tuko watu kadhaa kwenye mradi, na kila mmoja ana toleo lake. Tufanyeje?

Andikeni toleo ndani ya mradi, si kwenye maelezo ya mdomo. Kwa Rust, weka faili la `rust-toolchain.toml` kwenye folda kuu:

    [toolchain]
    channel = "1.85.0"

Rustup ikiingia kwenye folda hiyo hutumia toleo hilo bila mtu kukumbushwa. Aliyesakinisha rustc kwa apt bila rustup hatanufaika, kwa sababu ni rustup inayolisoma faili hilo. Kwa Go, mistari ya `go` na `toolchain` ndani ya go.mod hufanya kazi inayofanana kuanzia 1.21, ila huweka toleo la chini tu. Kwa C na C++ hakuna desturi moja. Kontena lililotajwa kwa namba kamili, `gcc:14.2` badala ya `gcc:latest`, ndilo linalokaribia zaidi, na litumike pia kwenye seva inayojenga na kujaribu msimbo wenu.